Kuokoa Rili na Fimbo ya Kuvulia Isiliwe na Chumvi: Mwongozo Kamili kwa Wanaoshuka Pwani Kutoka Nyanda za Juu Kusini

Kila baada ya likizo naletewa rili (kile kifaa cha kwenye fimbo cha kuzungushia mshipi, yaani uzi wa kuvulia) zenye ugonjwa uleule. Mtu ametoka Mbeya, Iringa au Njombe, ameshuka Kilwa au Mafia, amevua kolekole siku tatu na kurudi na furaha yake. Rili ameisuuza, ameifuta, ameiweka stoo. Mwezi unaofuata anataka kwenda nayo Matema, Ziwa Nyasa, anashika mkono wa rili, haugeuki.

Wengi wao walisuuza kweli. Shida ni kwamba walisuuza kwa maji yasiyofaa, au walifunga rili ikiwa bado mbichi, au waliishia nje wakaacha chumvi chini ya mshipi. Rili nyingi ninazofungua hazikuharibikia baharini. Zimeharibikia ndani ya buti la basi na juu ya rafu ya stoo.

Huku kwetu hatari ni kubwa kuliko wengi wanavyodhani. Angalia kopo la chumvi jikoni Tukuyu mwezi wa nne: hakuna aliyelimwagia maji, lakini chumvi imelowa na kushikana. Chumvi ya bahari huvuta unyevu wa hewa kuliko hiyo ya jikoni, kwa sababu ina magnesi ndani yake. Iliyobaki kwenye rili hufanya hivyohivyo usiku kucha, na chuma kinakaa ndani ya tone la maji ya bahari ilhali bahari yenyewe iko zaidi ya kilomita 800 kwa barabara kutoka Mbeya hadi Dar es Salaam.

## Vitu vya kuandaa

Vya kubeba safarini:

- Dumu la lita 5 la maji matamu, yaani yasiyo na chumvi hata kidogo
- Chupa ya kupulizia, kama ile ya saluni au ya kunyunyizia nguo wakati wa kupiga pasi
- Vitambaa viwili vya pamba, fulana kuukuu inatosha
- Mfuko wa wavu, ule wa vitunguu

Vya nyumbani:

- Beseni, mswaki laini, vijiti vya pamba vya masikio
- Sabuni ya maji ya kuoshea vyombo
- Bisibisi ndogo, ya nyota na ya bapa
- Mafuta ya cherehani
- Grisi isiyotoka kwa maji, ile inayotumika kwenye beringi za vyombo vya baharini
- Siki nyeupe, kipande cha mshumaa, na nta ya kung'arishia magari
- Vile vipakiti vya kunyonya unyevu vinavyokuja kwenye maboksi ya viatu

Mafuta ya kula usiyaweke kwenye orodha hii. Yakikaa hugeuka utomvu, na utomvu kwenye beringi ni mbaya karibu sawa na kutu. Dawa ya kupuliza ya kulegeza kutu ina kazi yake: hufukuza maji na kulegeza skrubu iliyoganda. Lakini si grisi. Huosha grisi iliyokuwepo, kisha yenyewe inapotea, na chuma kinabaki uchi.

## Hatua ya 1: Pima maji kabla ya kuyaamini

Hapa ndipo wengi wanapokosea, na ndiyo sababu nimeiweka mbele.

Visima vingi vya pwani, hata vya Dar es Salaam, vina chumvi. Mtu anafungua bomba la nyumba ya wageni, anaosha rili kwa moyo safi, kumbe anaondoa chumvi nyingi na kupaka kidogo. Kidogo hicho kinatosha.

Pima kwa njia mbili. Kwanza onja tone kwenye ncha ya ulimi. Pili, sugua sabuni ya kipande mkononi kwa maji hayo. Maji ya mito yetu ya milimani hutoa povu mara moja. Maji ya kisima chenye chumvi hukuacha ukisugua, povu halishiki. Yakishindwa jaribio lolote kati ya haya mawili, yatumie kuoshea miguu tu.

Ndiyo maana nasema beba dumu. Maji ya mvua yaliyokingwa kwenye bati ni mazuri sana. Ya kuchemsha hayahitajiki: mililita 100 za maji ya kawaida huyeyusha gramu 36 hivi za chumvi, na yakichemka huyeyusha kama 39 tu. Tofauti hiyo haina faida kwako, na joto litayeyusha grisi ya ndani na kuitoa mahali pake.

## Hatua ya 2: Suuza siku hiyohiyo, kabla chumvi haijakauka

Lita moja ya maji ya bahari ina takriban gramu 35 za chumvi, karibu vijiko sita vya chai. Ikiwa bado ni maji, inatoka kwa kusuuzwa. Ikikauka inakuwa punje, punje zinajibana kwenye maungio, na hapo utahitaji kuloweka.

Fanya hivi kila jioni, hata kama kesho unarudi majini:

Kaza breki ya rili, ile inayozuia mshipi kutoka samaki akivuta, mpaka mwisho. Breki iliyolegea huacha nafasi, na maji ya kusuuzia hubeba chumvi hadi kwenye washa zake, vile visahani vyembamba vinavyobanana. Breki iliyokazwa hufunga mlango huo.

Pulizia maji kwa chupa taratibu: juu, pembeni, kwenye mkono wa rili, na hasa kwenye rola ndogo ambayo mshipi hupitia ukiwa unavuta. Usitumie bomba lenye kasi. Maji yenye nguvu husukuma chumvi ndani ya beringi, mahali ambapo isingefika yenyewe. Na usiitumbukize rili nzima kwenye ndoo. Nimefungua rili kadhaa zilizoharibiwa na ndoo peke yake; ndani zina maji ya chumvi yaliyochanganyika na grisi, rangi ya uji.

Fimbo haihitaji upole huo. Imwagie maji kwa kikombe kuanzia nchani hadi kwenye mpini, kila pete ipate maji ya kutosha.

Kung'uta, futa, kisha legeza breki.

Umefaulu ikiwa baada ya saa moja, rili ikiwa kavu, huoni ukungu mweupe ukiielekeza kwenye mwanga wa taa. Ukiuona, rudia.

## Hatua ya 3: Safari ya kurudi

Rili yangu ya kwanza ya baharini niliipoteza hapa. Niliifunga kwenye mfuko wa nailoni ili isilowanishe nguo, nikaisukuma katikati ya begi, begi likaingia kwenye buti. Chalinze, Mikumi, joto la kule chini. Kitonga, Mafinga, baridi ya huku juu. Nilipofika nilikuwa nimechoka, nikaacha begi siku tano. Nilipofungua, sehemu ya ndani ya mfuko ilikuwa imetoa jasho kama kioo cha gari asubuhi ya Makambako, na skrubu ya mkono ilikuwa imeganda ndani ya bodi ya alumini. Fundi aliyejaribu kuifungua akaikata kichwa. Rili ilikuwa haijatimiza miezi mitatu.

Kwa hiyo: hakuna nailoni. Tumia mfuko wa vitunguu, hewa ipite. Fimbo ifunguliwe vipande, isivalishwe ala yake ya kitambaa kabla haijakauka. Rili ipande nawe ndani ya basi ikiwezekana, juu ya vichwa. Na chambo bandia zilizoingia baharini zisichanganywe kwenye boksi moja na zile ambazo hazijatumika. Ndoana moja yenye chumvi hushikisha kutu boksi zima. Hilo nimeliona mara nyingi kuliko ninavyopenda.

## Hatua ya 4: Nyumbani, tenganisha kabla ya kuosha

Usiku wa kufika, lala. Asubuhi yake, kabla ya kitu kingine, toa rili kwenye fimbo. Chumvi hupenda kujificha pale mguu wa rili unapokaa kwenye kiti chake, na mtu anayeosha vyote vikiwa vimefungwa pamoja haigusi kabisa.

Fungua mkono wa rili. Toa spuli, ile sehemu mshipi unapozungushiwa. Tandaza gazeti, panga kila kitu kwa mpangilio ulioufuata wakati wa kufungua, piga picha kwa simu. Picha hiyo itakuokoa.

Bodi yenyewe usiifungue kila safari. Mara moja kwa mwaka inatosha kwa mtu anayeshuka pwani mara mbili au tatu. Isipokuwa rili iliangukia baharini au kwenye mchanga wenye maji: hiyo ifunguliwe siku hiyohiyo au kesho yake, na kama huwezi, mpelekee anayeweza.

Futa bodi kwa kitambaa chenye maji na matone mawili ya sabuni ya vyombo. Mswaki upite kwenye mikunjo na kuzunguka vichwa vya skrubu. Suuza kwa chupa ya kupulizia.

## Hatua ya 5: Spuli na mshipi, ghala la chumvi lililosahaulika

Ukiniuliza nikuchagulie hatua moja tu ya kufanya kwa makini, nitachagua hii.

Mshipi wa kusuka hunyonya maji kama utambi wa kandili. Mita mia mbili za mshipi uliolowa zimezungushwa kwenye spuli ya alumini, tabaka juu ya tabaka. Ukisuuza juu, tabaka la juu linakuwa safi. Chini kuna maji ya bahari yasiyo na pa kutokea. Ukishikilia spuli kwenye mwanga baada ya wiki kadhaa, utaona madoa meupe yakitambaa kutoka chini ya mshipi kwenda kwenye ukingo. Kidole kikipita hapo kinahisi ukwaruzo kama wa ulimi wa paka. Ukingo huo ndio mshipi unaosugua kila unaporusha.

Fanya hivi:

1. Toa washa za breki kwenye spuli, kama rili yako ina kile kiwaya kinachozishikilia. Zipange kwenye gazeti kwa mfuatano. Washa hizi hazipakwi grisi ya kawaida; grisi ya kawaida huzifanya ziteleze au zikamate kwa kushtuka.
2. Weka spuli na mshipi wake kwenye beseni la maji matamu kwa nusu saa.
3. Mwaga maji, weka mapya, nusu saa nyingine.
4. Onja tone linalodondoka kutoka kwenye mshipi. Kama bado lina ladha ya chumvi, badilisha maji tena.

Mshipi wa kusuka kwa kawaida hutaka maji ya tatu. Wa nailoni hunyonya kidogo, mawili yanatosha. Kwa zile rili za ngoma ambazo spuli imefungwa katikati ya fremu, usiloweke; vuta mshipi wote uuzungushe kwenye chupa tupu ya plastiki, loweka chupa hiyo, na spuli uisafishe kwa mswaki.

## Hatua ya 6: Fimbo

Fimbo ya nyuzi za kaboni au faibaglasi yenyewe haishiki kutu. Kinachokufa ni pete, kiti cha rili, na mahali vipande vinapoungana.

Osha yote kwa maji ya sabuni na mswaki. Kwenye kila pete, tazama mguu wake pale unapoingia chini ya nyuzi zilizopakwa vanishi. Mstari wa kahawia ukionekana hapo, chumvi imeshapenya. Sugua kwa kijiti cha pamba chenye siki iliyochanganywa na maji nusu kwa nusu, subiri dakika mbili, suuza sana. Siki ni asidi: ukiiacha, nayo itakula.

Pitisha kipande cha soksi nyembamba ya kike ndani ya kila pete. Ikikwama, pete ina ufa usioonekana kwa macho, na ufa huo utakata mshipi siku samaki mkubwa atakapouma. Badilisha pete hiyo.

Mpini wa sponji au wa gome la kizibo hunywa maji ya bahari. Ubane kwa kitambaa, umwagie maji matamu, ubane tena, mara tatu nne.

Ikishakauka, sugua mshumaa kwenye kiungo cha dume cha fimbo. Safu nyembamba ya nta huzuia unyevu na huzuia vipande kung'ang'aniana. Kwenye pete na kiti cha rili paka nta ya magari, iache ikauke, futa.

## Hatua ya 7: Kausha kwa hewa, siyo kwa moto

Njombe na Mufindi mwezi wa sita na wa saba kishawishi ni kuiweka rili karibu na jiko la mkaa. Naelewa, lakini usifanye. Gundi na vanishi ya pete hulainika, grisi hukimbia, na jivu huingia. Jua kali la mchana nalo halifai.

Weka ndani ya nyumba, juu ya meza, dirisha likiwa wazi, kivulini. Siku moja Mbeya mjini wakati wa kiangazi. Tukuyu au Mufindi wakati wa ukungu, siku mbili hadi tatu. Geuza rili kila baada ya saa kadhaa ili maji yaliyojificha yapate pa kushukia.

Ikiwa kavu kweli, kitambaa kikavu ukikibana kwenye kona kwa dakika moja hakitoki na unyevu.

## Hatua ya 8: Mafuta na grisi, kila kimoja mahali pake

Kanuni ni fupi: kinachozunguka kwa kasi hupewa mafuta mepesi, kinachosukumana kwa nguvu hupewa grisi.

Rola ya mshipi. Tone moja la mafuta ya cherehani kila safari. Hii ndiyo sehemu inayokufa mapema kuliko zote, kwa sababu kila inchi ya mshipi wenye maji ya bahari hupita juu yake. Ipime: weka nukta ya kalamu ya maki pembeni ya rola, kisha vuta mshipi taratibu kwa mkono. Nukta inatakiwa izunguke. Ikisimama huku mshipi unateleza juu yake, beringi imeshaganda, na mshipi utaanza kuchimba mfereji kwenye rola.

Kishikio cha mkono na maungio ya upinde wa waya. Tone moja moja.

Mhimili unaobeba spuli. Futa, paka utando mwembamba wa grisi.

Gia kuu. Hizi ni za ndani, kwa siku ile ya mwaka unapofungua bodi. Grisi ijae kwenye meno, isijae kwenye bodi nzima.

Beringi inayozuia mkono kurudi nyuma. Mafuta mepesi tu, tone moja. Usiipake grisi. Virola vyake vidogo vitanata, na mkono utaanza kuteleza nyuma ghafla samaki akiwa amekaza.

Skrubu zote. Huu ndio ushauri ambao ningependa ningepewa kabla ya safari ile. Skrubu ya chuma kisichoshika kutu ikikaa ndani ya alumini, na maji ya chumvi yakiwepo katikati, vyuma hivi viwili hufanya kazi kama betri. Alumini ndiyo inayolipa: inaoza, unga mweupe unajaa kwenye nyuzi, skrubu inaganda. Chovya ncha ya kijiti kwenye grisi, pitisha kwenye nyuzi za skrubu, ndipo ufunge. Kazi ya sekunde kumi kwa kila skrubu.

Ukimaliza, rusha mkono wa rili uzunguke wenyewe. Uzunguke bila sauti ya kukwaruza, usimame taratibu. Sauti kama ya mchanga maana yake kuna punje imebaki. Rudi kwenye beringi.

## Hatua ya 9: Kuhifadhi

Legeza breki kabisa, washa zipumue. Ning'iniza fimbo au isimamishe kwenye pembe kavu, isiguse sakafu ya saruji. Rili ikae kwenye boksi la plastiki lenye mfuniko pamoja na vipakiti vitatu vinne vya kunyonya unyevu, lakini *baada* ya kukauka kabisa. Boksi lililofungwa juu ya rili mbichi ni ule mfuko wangu wa nailoni kwa jina jingine.

Mara moja kwa mwezi itoe, zungusha mkono mara ishirini, itazame kwenye mwanga.

## Ukiona rangi, soma rangi

Unga mweupe ni alumini inayooza. Safisha kwa siki iliyopunguzwa, suuza, kausha, paka nta. Mashimo madogo yaliyokwisha kuchimbwa hayatazibika, ila hayataendelea.

Kijani ni shaba. Mara nyingi hutoka kwenye gia ndogo ya ndani, kwa hiyo ukiona kijani kinachungulia kwenye maungio, bodi ifunguliwe.

Kahawia nyekundu ni chuma: beringi, springi, ndoana. Beringi yenye kutu usihangaike kuifufua. Ibadilishe; ni kitu kidogo, na ikivunjika itabomoa gia.

Grisi kuukuu kwenye gia za chuma au shaba inaweza kuoshwa kwa mafuta ya taa, nje ya nyumba, mbali na moto wowote. Yasiguse plastiki, mpira wala washa za breki.

## Na maji ya huku kwetu?

Ziwa Nyasa ni maji matamu. Ukitoka Matema au Kyela kuvua mbasa, hofu yako ni mchanga. Futa, kausha, tone la mafuta kwenye rola, basi. Bwawa la Mtera nalo vivyo hivyo, ongeza uangalifu wa tope.

Ziwa Rukwa ni jambo jingine. Halina mto unaotoka, maji yake yana magadi, na yakikauka huacha utando mweupe kwenye kila kitu. Wengi hudhani kwa kuwa ni ziwa, halina madhara. Ukitoka Rukwa anza na Hatua ya 2 ukiwa bado ufukweni, kwa dumu ulilobeba, kama vile umetoka Kilwa.

Na kama rili yako iko stoo sasa hivi tangu safari iliyopita, usiizungushe kwanza ili kuijaribu. Punje zilizokauka zitasaga beringi. Itoe, toa spuli, loweka mshipi, weka tone la mafuta ya cherehani kwenye kila ungio na uiache mpaka kesho asubuhi. Ndipo ushike mkono.